Chuma Huoshwa, Pamba Hutupwa: Maswali Yenu Kuhusu Atomaiza

Barua nyingi za safari hii zinahusu atomaiza, ile sehemu ya sigara ya kielektroniki inayogeuza kimiminika kuwa mvuke. Ili tusipishane maneno: koili ni waya uliozungushwa unaopata moto, utambi ni pamba inayounywesha waya huo kimiminika, tangi ni chombo kinachoshika kimiminika, bomba la kati ni njia ya mvuke kupanda, kidomo ni pale unapoweka midomo, oringi ni viduara vya raba vinavyozuia kuvuja. Koili inayonunuliwa ikiwa tayari, iliyofungiwa na pamba yake ndani ya kikopo cha chuma, tutaiita kichwa cha koili.

SWALI: Kichwa changu cha koili kilifanya kazi vizuri kwa siku nne tu. Sasa ladha ni ya kuungua na mvuke umepungua. Nimekichemsha kwenye maji, nikakikausha, kikawa kizuri kwa nusu siku kisha kikaharibika tena. Ipo njia bora ya kukiosha?

JIBU: Haipo, ndugu msomaji. Wengi wanaochemsha vichwa vya koili huishia hapo ulipoishia wewe, na kosa si la maji. Ni la pamba.

Kimiminika huwa na propilini glaikoli, gliserini, viongeza ladha na mara nyingi nikotini. Gliserini na glaikoli hugeuka mvuke na kuondoka. Visivyopanda na mvuke ndivyo vinavyobaki kwenye waya: vitamu kama sukralosi, rangi, na ladha nzito za jamii ya karameli, kahawa, vanila na chokoleti. Kila unapovuta, mabaki hayo huungua kidogo, hadi waya unavikwa ukoko mweusi kama ule wa chini ya sufuria. Palipo na ukoko mnene kimiminika hakiufikii waya sawasawa, waya unapata moto kupita kiasi, na pamba inayoushika inaungua.

Maji ya moto huondoa kimiminika kilichozeeka na sehemu ya utamu ambao bado haujaungua. Hiyo ndiyo nusu siku uliyoipata. Kaboni haiyeyuki kwenye maji, na pamba iliyoungua hairudi kuwa pamba. Unachovuta baada ya hapo ni mvuke uliopita kwenye masizi. Kitupe.

Kuna hali moja tu ambapo kuosha kichwa cha koili kuna maana: pale ambapo hakijaungua, ila unataka kubadilisha ladha na ile ya zamani imeng'ang'ania. Kikung'ute, kiloweke kwenye maji ya vuguvugu dakika 10, mwaga maji, rudia mara mbili. Puliza kwa nguvu kutoka upande wa juu ili maji yatoke kwenye matundu ya pembeni. Kisha kiache juu ya karatasi laini mahali penye hewa kwa saa 24 hadi 48. Msitumie sabuni, kwa sababu pamba huishika na huwezi kuisuuza ikatoka yote. Na fanyeni hivyo mara moja tu kwa kila kichwa.

Siku nne ni chache, lakini si ajabu kwa kimiminika kitamu. Kisicho na kitamu kwa kawaida hukupa wiki moja hadi mbili. Angalia pia wati. Kichwa kilichoandikwa wati 40 hadi 60 hakidai kuendeshwa kwa 60. Anza na 40, panda polepole, ukikuta ladha imekaa vizuri kwenye 48 au 50 simama hapo. Na kati ya mvuto mmoja na mwingine ipe pamba nafasi ya kunywa, sekunde 15 hadi 20. Anayevuta mfululizo mara sita au saba hukausha utambi hata kama tangi limejaa.

SWALI: Nimefunga kichwa kipya, nikajaza, nikavuta. Mvuto wa kwanza kabisa ukaniunguza koo. Je, kilikuwa kibovu?

JIBU: Karibu kila mara hakikuwa kibovu. Kiliwashwa kikiwa kikavu.

Propilini glaikoli huchemka kwenye nyuzi 188 za Selsiasi, gliserini kwenye 290. Utambi ukiwa umelowa, kuchemka huko ndiko kunakouzuia waya usipande zaidi, kwa kuwa joto linaishia kwenye kugeuza kimiminika kuwa mvuke. Utambi ukiwa mkavu hakuna cha kuuzuia, na pamba inaungua ndani ya sekunde moja au mbili. Gliserini nayo ikipashwa kupita kiasi huvunjika na kutoa akrolini, gesi inayowasha koo na macho, pamoja na fomaldehidi. Hiyo ladha chungu inayokufanya ukohoe ni onyo, usijilazimishe kuizoea.

Kabla ya kufunga kichwa kipya, dondosha tone moja kwenye kila tundu la pamba lililo pembeni, kisha matone mawili au matatu ndani kwa juu, hadi pamba yote ibadilike rangi ya kulowa. Usimimine zaidi, utaifurisha. Kifunge, jaza tangi, ngoja dakika 5 hadi 10. Kimiminika chenye gliserini asilimia 70 au zaidi kingoje robo saa, kwa sababu ni kizito. Kisha vuta mara tatu au nne bila kubonyeza kitufe ili kukivutia ndani, na anza na wati za chini kabisa za kichwa hicho kwa mivuto kumi ya mwanzo.

Pamba iliyokwisha kuungua kwenye mvuto wa kwanza haiponi kwa kulowekwa. Pole, lakini hicho nacho ni cha kutupa.

SWALI: Naomba hatua za kuosha tangi zima, tangu kulifungua hadi kulirudisha. Nioshe mara ngapi?

JIBU: Lioshe kila unapobadilisha kichwa cha koili, na kila unapohama ladha kali kwenda laini. Tangi jipya nalo lioshwe kabla ya matumizi ya kwanza. Watu wengi huliruka hili, na ndilo tungelisisitiza kuliko yote katika jibu hili: vyuma vinavyochongwa kwa mashine hupakwa mafuta wakati wa kuchongwa, na mabaki yake hujificha kwenye hesi, ile michirizi ya kuzungusha kama ya skrubu, na ndani ya bomba la kati. Ukipitisha kijiti cha pamba ndani ya hesi za tangi jipya na kikatoka na weusi, umeyaona.

Kwanza tenga atomaiza na betri. Hakuna hatua hata moja ya kuosha inayofanywa tangi likiwa bado limefungwa juu ya kifaa. Liache lipoe, kwani kioo chenye moto kikikutana na maji baridi hupasuka. Vaa glavu nyepesi, maana nikotini hupenya kwenye ngozi, kisha mwaga kimiminika kilichobaki.

Fungua kila kinachofunguka: kidomo, kifuniko cha juu, kioo, kichwa cha koili, kitako. Kichwa weka pembeni, hakiingii majini. Sehemu iliyokwama isishikwe kwa koleo la chuma, utaikwangua au kuipinda. Ifunike kwa kipande cha raba au glavu ya jikoni, izungushe kwa mkono. Ikigoma, mimina maji ya moto juu ya pete ya nje kwa nusu dakika. Pete ya nje ikitanuka, itaachia.

Ondoa oringi kwa kidole au kijiti cha mbao. Sindano na ncha ya kisu huzitoboa, na tundu usiloliona ndilo litakalovuja kesho. Zipange kwenye karatasi kwa mpangilio ulioziondoa, maana zinazofanana kwa macho mara nyingi hutofautiana unene.

Loweka vyuma na kioo kwa dakika 15 kwenye maji ya nyuzi 50 au 60, yaani ya moto ambayo mkono unashindwa kukaa ndani, yenye tone moja la sabuni ya vyombo kwa kila nusu lita. Gliserini, glaikoli na nikotini zote huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi inafanywa na muda, si na nguvu. Sugua bomba la kati kwa brashi nyembamba ya nailoni. Hapo ndipo uchafu mwingi hukaa, kwa sababu mvuke unaopoa huacha matone kwenye kuta zake. Pitisha kijiti cha pamba kwenye hesi na kwenye matundu ya hewa.

Suuza kwa maji yanayotiririka hadi usisikie utelezi wala harufu ya sabuni. Maji yenu yakiwa ya chumvi au chokaa, suuzeni mara ya mwisho kwa maji yaliyokenekwa, yaani yaliyotokana na mvuke uliopozwa, la sivyo kioo kitabaki na madoa meupe. Madoa yaliyokwisha kukaa hutoka kwa siki sehemu moja na maji sehemu tatu, nusu saa, kisha suuza tena. Usizidishe muda kwenye vyuma vilivyopakwa rangi au vilivyochovywa kwenye madini mengine.

Futa, kisha acha kila kitu kikauke saa kadhaa. Maji yaliyobaki ndani ya hesi huanza kuleta kutu ya kijani kwenye sehemu za shaba, na hupunguza nguvu ya ladha kwenye tangi la kwanza.

Oringi zenye harufu ya mnanaa au anisi ni tatizo la kipekee. Silikoni, ile raba ya oringi, hunywa harufu hizo na kuzitoa polepole kwa wiki nzima. Kuzilaza usiku kucha kwenye maji ya vuguvugu yenye kijiko cha soda ya kuokea husaidia kidogo. Kinachosaidia zaidi ni kuwa na oringi za akiba na kuweka tangi moja maalumu kwa ladha hizo.

SWALI: Naweza kupaka oringi mafuta ya mgando ili zisikauke? Zinaingia kwa shida.

JIBU: Hapana. Pakeni tone la gliserini au la kimiminika chenyewe, inatosha kabisa. Mafuta hayana kazi yoyote mahali ambapo mvuke wa kuvutwa mapafuni unapita. Mapafu hayawezi kuyasaga wala kuyatoa kama tumbo linavyofanya. Mwaka 2019 Marekani ilikumbwa na wimbi la magonjwa ya mapafu kwa watumiaji wa vifaa hivi. Hadi Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 2,807 waliolazwa au kufariki, na vifo 68 vilikuwa vimethibitishwa. Kilichohusishwa zaidi na maradhi hayo ni mafuta ya vitamini E asetati yaliyochanganywa kwenye bidhaa za bangi. Kiasi cha mafuta kwenye oringi ni kidogo, ndiyo, lakini ukishajua hilo huna sababu ya kuyaweka.

SWALI: Tangi langu linavuja chini, kwenye matundu ya hewa, na likivutwa linakoroma kama kiko cha maji. Nimebadilisha oringi zote, bado.

JIBU: Kabla ya kuelekeza kidole kwenye sehemu fulani, tueleze kwa nini tangi zima halivuji wakati wote, kwani lina matundu kwenye koili. Kimiminika hakianguki kwa sababu juu yake, ndani ya tangi lililofungwa, hewa ina shinikizo dogo kuliko ya nje. Ni kama mrija uliozibwa juu kwa kidole. Unapovuta, kimiminika kidogo huingia kwenye pamba na kiputo cha hewa hupanda kuchukua nafasi yake. Hewa ikipata njia nyingine ya kuingia juu, kile kidole kimeondolewa, na tangi lote linamwagika kupitia koili.

Kwa hiyo uvujaji wa chini mara nyingi chanzo chake ni juu. Kagua oringi ya kifuniko cha kujazia na ya ukingo wa juu wa kioo, kisha angalia kama kioo chenyewe kina ufa mwembamba wa nywele. Umezibadilisha oringi, sawa, lakini je, iliyowekwa juu ni ya juu? Iliyo nyembamba kwa robo ya milimita tu inatosha kupitisha hewa.

Halafu njoo chini. Kichwa cha koili kikiwa hakijakazwa, kimiminika hupita pembeni yake bila hata kugusa pamba. Kaza kwa vidole hadi kigote, basi. Kikikazwa mno, kiraba chake kinajikunja na kuvuja vilevile.

Kama vyote viko sawa, tazama kimiminika na koili kama vinaendana. Kichwa cha omu 0.2 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) kina matundu makubwa ya pamba, kwa kuwa kinatarajia kimiminika kizito chenye gliserini asilimia 70. Ukitia chenye nusu kwa nusu, ni chepesi mno, kinapita kama maji. Kinyume chake pia ni kweli: kizito kwenye kichwa cha omu 1.2 hakifiki, na unapata ladha ya kuungua. Joto nalo hulainisha kimiminika. Tangi lililoachwa juani ndani ya gari huvuja hata likiwa zima. Kwenye ndege hewa ya nje ikipungua shinikizo, hewa iliyo ndani ya tangi hutanuka na kusukuma kimiminika nje. Safiri nalo likiwa tupu.

Na wakati wa kujaza: funga kwanza pete ya hewa, ile inayofungua na kuziba matundu ya hewa, jaza ukiacha nafasi ya hewa ya milimita 3 hivi juu, usimimine hata tone ndani ya bomba la kati, funga kifuniko, lipindue juu chini, ndipo ufungue hewa na kuligeuza tena. Kufunga kifuniko husukuma hewa chini na kulazimisha kimiminika kupita kwenye koili; ukilipindua, kinachosukumwa ni hewa tupu.

Kukoroma ni dalili kwamba bomba la kati limefurika. Tenga tangi na betri, funika matundu ya hewa kwa karatasi laini, pulizia kwenye kidomo. Kimiminika kitatoka kwenye karatasi. Wengine hujaribu kukausha kwa kubonyeza kitufe bila kuvuta, na matokeo yake ni matone ya moto mdomoni.

SWALI: Nina atomaiza ya kujifungia koili mwenyewe. Nasikia koili inaweza kuchomwa ikawa safi. Kivipi bila kuiharibu? Na pamba nibadilishe lini?

JIBU: Hapa ndipo kusafisha kunapolipa, kwa sababu unaweza kuutenganisha waya na pamba. Waya huoshwa na kutumika tena mara kadhaa. Pamba hubadilishwa kila baada ya siku 3 hadi 7, mapema zaidi kwa vimiminika vitamu.

Kwanza jua waya wako ni wa nini. Kanthal, ambayo ni mchanganyiko wa chuma, kromi na alumini, huvumilia kuchomwa. Nikromu, yaani nikeli na kromi, huvumilia kwa uangalifu. Stenlesi ya 316L ichomwe kwa wati za chini tu, na isifike kung'aa machungwa. Nikeli tupu na titani hazichomwi hata kidogo. Titani ikipata moto mkali hujivika unga mweupe wa oksidi, na ikizidi inaweza kuwaka. Kama hujui waya wako ni upi, usichome. Utupe ufunge mpya, waya ni sehemu rahisi kuliko zote.

Chomoa pamba. Vuta upande mmoja taratibu kwa kibano. Ikigoma, ilowe kwanza, maana pamba kavu iliyogandana na ukoko huupinda waya. Usichome koili yenye pamba ndani, hata nyuzi chache.

Weka kifaa kwenye wati 10 hadi 15 kwa koili nyepesi, au karibu nusu ya wati unazovutia. Bonyeza sekunde mbili, achia, bonyeza, achia. Ukoko utatoa moshi, utageuka kijivu. Lengo ni wekundu hafifu unaoonekana gizani. Kuuchoma waya hadi ung'ae kama taa ndiko kunakoulegeza na kubadilisha uso wake, na ukiuzoesha hivyo utakatika. Fanyeni penye hewa, na msiuvute huo moshi.

Ukimaliza, ngoja upoe kabisa, tenga atomaiza na kifaa, ndipo uoshe. Wapo wanaoitumbukiza koili ikiwa bado nyekundu ili ukoko udondoke. Ni kweli unadondoka, na waya nao hupata nyufa. Sugua chini ya bomba la maji kwa brashi laini ya nailoni kama mswaki wa mtoto. Brashi ya waya wa chuma hukwangua ile ngozi ya oksidi ya alumini inayoilinda Kanthal, kwa hiyo iacheni. Kausha, rudisha, choma mara mbili tatu kwa wati zile zile ndogo ili maji yaliyojificha yaondoke.

Sasa itazame inavyowaka. Inatakiwa wekundu uanzie katikati uende pande zote mbili kwa usawa. Mzunguko mmoja ukiwaka peke yake kabla ya wenzake, mizunguko inagusana vibaya na kupitisha umeme kwa njia ya mkato. Pitisha ncha ya kibano cha kauri juu ya mizunguko kama mtu anayepiga gambusi, kisha ibane kidogo kati ya mibofyo. Ikiwa pembeni ndiko kunakowaka, skrubu imelegea.

Soma omu. Koili iliyokuwa 0.50 ikisoma 0.48 au 0.52 ni sawa. Ikiruka kutoka 0.45 kwenda 0.60 unapoigusa, kaza skrubu. Zikiwa zimekazwa, badilisha waya.

Kwenye utambi mpya ndipo kazi nzuri inapoharibikia. Kwa koili ya kipenyo cha ndani cha milimita 3, kata ukanda wa pamba, bandua tabaka gumu la nje, sokota ncha moja ipenye, uvute. Upite ukisuguana kidogo bila koili kusogea. Ukisogeza koili, pamba ni nyingi na itakaba. Ukiteleza bure, ni chache, kutakuwa na mapengo yanayounguza. Kata miguu kwa mshazari, ichane kwa ncha ya kibano hadi iwe nyepesi, iweke ifike tu kwenye mifereji ya kimiminika bila kushindiliwa. Pamba iliyoshindiliwa mferejini huleta ladha ya kuungua; isiyoufunika mfereji huleta kuvuja. Ukipata moja ya hayo mawili, unajua pa kurekebisha.

Mkibadilisha pamba mara tano au sita kwa koili moja, badilisheni na koili yenyewe.

SWALI: Kifaa kinaandika kwamba hakioni atomaiza, wakati mwingine kinasema omu ziko chini sana.

JIBU: Anza na uchafu. Kiungio cha atomaiza nyingi ni kile cha 510. Jina limetokana na hesi zake, mizunguko 10 katika urefu wa milimita 5. Katikati ya hesi kuna pini inayopitisha umeme chanya, imezungukwa na kiraba au plastiki ngumu inayoitenga na hesi ambazo ni hasi. Kimiminika kinachotiririka huishia hapo, kinakauka, kinazuia mguso. Toa betri au zima kifaa, pitisha kijiti cha pamba chenye alkoholi ya isopropili kwenye pini na hesi za pande zote mbili, acha dakika tano ikauke.

Bado? Pini ya atomaiza inaweza kuwa imezama kwa kukazwa kupita kiasi. Iangalie kwa pembeni: lazima itokeze kidogo kuliko ukingo wa hesi. Kwa nyingi pini hiyo ni skrubu, izungushe kinyume robo mzunguko.

Omu zilizo chini sana ni jambo la kuheshimu zaidi. Huenda mguu wa koili unagusa ukuta, au kile kitenganishi cha pini kimeyeyuka. Betri iliyojaa ina volti 4.2. Kwenye omu 0.2 inatoa ampea 21, kwenye 0.1 inatoa 42. Betri nyingi za duara za kizazi hiki zimepimwa kutoa ampea 20 hadi 30 mfululizo. Kifaa chenye kinga ya shoti kitakataa kuwaka na kukuandikia ujumbe. Kile kisicho na saketi yoyote ndani hakitakukatalia, kitaipasha betri hadi itoe gesi na moto. Mwenye kifaa cha namna hiyo asifunge koili bila kuipima kwanza kwenye kipima omu.

Kwa mnaotumia udhibiti wa joto na stenlesi, nikeli au titani: fungeni atomaiza ikiwa imepoa kama chumba. Kifaa hukadiria joto kwa jinsi omu zinavyopanda, na kikianza kuhesabu koili ikiwa ya moto, hesabu yote inayofuata itakosea, na koili itapata moto kuliko kiwango ulichoweka.

SWALI: Kifaa changu ni kidogo, cha kibonge cha plastiki kinachochomekwa. Kuna cha kuosha?

JIBU: Kama kibonge kimeungana na koili yake, ndani hakuna. Kikiisha ladha, badilisha. Unachoweza kufanya ni kukichomoa kila siku mbili tatu na kufuta unyevu chini yake na kwenye visahani vya mguso, kwa karatasi kavu au kijiti chenye alkoholi kidogo. Kifaa kinachojiwasha kwa kuvutwa kina kitambuzi cha hewa kwenye shimo kinamochomekwa kibonge. Unyevu ukikifikia, kitawaka chenyewe au kitagoma. Kama koili ya kibonge inachomoka, kibonge chenyewe kioshe kwa maji ya vuguvugu, si ya moto, na koili mpya iachwe inywe kimiminika kwa dakika 10 kabla ya kuwashwa, kama tulivyosema.

SWALI: Tangi langu la plastiki limepata ukungu na nyufa ndogondogo. Sikuliangusha.

JIBU: Ladha za mdalasini, machungwa na ndimu, na mnanaa mkali huzila baadhi ya plastiki, hasa polikaboneti na akriliki. Alkoholi hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo kama umekuwa ukiliosha nayo umeongeza. Ukungu hautoki, na nyufa zitafika hadi nje. Kwa ladha hizo tumieni kioo, na plastiki ioshwe kwa maji na sabuni tu.

SWALI: Mashine ndogo ya kuoshea vito kwa mawimbi ya sauti inafaa? Na yale maji machafu nimwage wapi?

JIBU: Inafaa sana kwa vyuma vitupu na kioo: maji ya vuguvugu, tone la sabuni, dakika tano, suuza. Hutoa uchafu wa ndani ya hesi ambao brashi haiufikii. Vichwa vyenye pamba, vyuma vya rangi na kitu chochote chenye betri visiingie humo.

Maji ya kuoshea yana nikotini. Yamwage kwenye sinki au choo huku maji mengi yakitiririka, kisha osha chombo na mikono. Yasiachwe yakiloweka mezani wala kwenye bakuli la jikoni ambalo mtoto au paka anaweza kulifikia. Tambi na vichwa vilivyotumika vifungeni ndani ya mfuko au kopo lenye kifuniko kabla ya kuvitupa, kwa sababu kipande cha pamba kilichojaa kimiminika, mtoto akikitia mdomoni, kinaweza kumtia sumu. Ikitokea, mpelekeni hospitali papo hapo na chupa ya kimiminika hicho mkononi, ili daktari asome nguvu ya nikotini iliyoandikwa.